Edna alianza na wakunga, sisi twaanza na bango

Kila Ramadhani ikiisha, mazungumzo yale yale hurudi hapa Lunga Lunga. Tujenge hospitali yetu. Hospitali ya wakfu, ya sadaka, ya kumtibu maskini bila kumuuliza ana nini mfukoni. Yupo mwenye ahadi ya mfadhili kutoka Ghuba. Yupo mzee aliye tayari kutoa kipande cha shamba karibu na barabara kuu. Yupo kijana aliyekwisha chora ramani ya ghorofa mbili kwenye simu yake, na ukimpa nafasi atakuonyesha mpaka rangi ya madirisha. Bango nalo lishaandikwa vichwani mwa watu: jina la aliyetoa, mwaka wa Hijria upande mmoja, mwaka wa Miladi upande wa pili.

Haja si ya kubuni. Anayeishi Mwangulu au Kilimangodo ajua uzito wa uchungu wa uzazi unaoanza saa nane za usiku. Kwanza pikipiki itafutwe, kisha mwenye pikipiki aamshwe, kisha njia ya vumbi mpaka lami, na akifika hapa Lunga Lunga huenda akaambiwa kesi yake ni ya Msambweni, zaidi ya kilomita arobaini mbele. Vanga nako, mto Umba ukifurika, mtu aweza kuiona ng'ambo asiifikie. Wapo wanaovuka mpaka wa Horohoro wakatafuta tiba upande wa Tanga kwa sababu tu wana jamaa huko. Kwa hivyo sitamcheka mtu yeyote anayesema tujenge.

Lakini kabla hatujachanga shilingi ya kwanza ya saruji, naomba tuutazame mji mmoja uliojenga hospitali ya sadaka katika hali ngumu mno kuliko yetu. Mji huo ni Hargeisa. Sisi wa Pwani twawajua Wasomali wa vita zaidi kwa wale waliotufikia kwa majahazi na kwa miguu mwaka 1991 na baadaye, wakakaa kambi za Mombasa kama Utange, Wabarawa wakiwemo na Kiswahili chao cha Chimwini. Hargeisa iko kaskazini kabisa, mbali na hao, na kisa chake hakikusimuliwa sana huku kwetu.

Mwaka 1988 wapiganaji wa SNM waliingia Hargeisa kupigana na serikali ya Siad Barre. Jibu la serikali lilikuwa kuupiga mji wenyewe. Ndege za kivita ziliruka kutoka uwanja wa ndege wa Hargeisa na kurudi kuiangushia mabomu Hargeisa. Sijui nchi nyingi ambazo marubani walihitaji dakika chache hivyo kuwafikia adui, na adui wenyewe wakawa raia wao. Mji ukabomoka karibu wote, watu kwa malaki wakakimbilia Ethiopia. Barre alipoanguka mwaka 1991, watu wa kaskazini wakatangaza Somaliland tarehe 18 Mei mwaka huohuo. Wazee wao wa koo wakakaa Borama mwaka 1993 kwa miezi mingi kupatanisha watu na kuchagua serikali. Hata hivyo mapigano yalirudi tena kati ya 1994 na 1996, mengine Hargeisa kwenyewe.

Hapo ndipo anapoingia Edna Adan Ismail. Alizaliwa Hargeisa mwaka 1937, binti wa daktari. Tangu udogo wake aliambatana na baba yake hospitalini, na alimwona akihangaika kutibu watu bila vifaa. Akapelekwa Uingereza katika miaka ya 1950 kusomea uuguzi na ukunga, wakati ambapo kumsomesha msichana kwao ilikuwa kama kumwaga maji mchangani. Aliolewa na Mohamed Haji Ibrahim Egal, aliyekuwa waziri mkuu wa Somalia mwishoni mwa miaka ya 1960. Baadaye akafanya kazi na Shirika la Afya Duniani, na alipostaafu mwaka 1997 alikuwa mwakilishi wake Djibouti. Mtu wa pensheni ya dola, mwenye njia ya kuishi popote.

Akarudi Hargeisa. Na hii haikuwa mara yake ya kwanza kujaribu. Katika miaka ya 1980 alikuwa ameanza kujenga hospitali Mogadishu, vita vikaichukua. Naomba jambo hilo tuliweke akilini, maana ndilo linalonifanya niamini kwamba mama huyu alijua anachofanya mara ya pili. Aliyepoteza jengo zima hawezi tena kudanganyika kwamba jengo ndilo hospitali.

Serikali ilimpa kiwanja ambacho zamani kilikuwa uwanja wa gwaride la jeshi, na kufikia wakati huo kilikuwa jaa la taka katika mtaa wa watu wanyonge. Wako waliomwambia pahali pale hapafai. Kwake palifaa kwa sababu wanawake masikini walikuwa palepale. Akauza gari lake la Mercedes, akauza vito, akatia akiba na pensheni yake. Ujenzi ukaanza mwaka 1998. Mwandishi wa New York Times alipofika mwaka 1999 alikuta kuta bila paa, na makala yake ndiyo yaliyowafanya wasomaji kadhaa wa Marekani kuunda kundi la marafiki wa hospitali hiyo, waliosaidia kuimalizia.

Tukumbuke hali ya nchi yenyewe. Wakati ule hakuna serikali hata moja duniani iliyoitambua Somaliland. Nchi isiyotambuliwa haiwezi kukopa Benki ya Dunia, wala mabalozi hawaji na hundi. Uchumi wake ulitegemea mbuzi, kondoo na ngamia waliosafirishwa kupitia bandari ya Berbera kwenda Saudia, na mwaka 2000 Saudia ilipiga marufuku mifugo hiyo kwa hofu ya homa ya Bonde la Ufa, marufuku iliyokaa mpaka 2009. Kilichobaki ni pesa za jamaa walio ng'ambo. Katika hali hiyo hospitali ikapanda, tofali kwa tofali, ikafunguliwa rasmi tarehe 9 Machi 2002.

Ukisimuliwa hapo tu, utaondoka na kisa cha mama shujaa aliyeuza gari akajenga nyumba. Ndivyo kinavyosimuliwa mara nyingi, na ndivyo sisi tunavyopenda kukisikia, kwa sababu kinaishia kwenye jengo. Mimi nilichokiona cha maana zaidi kimo katika mwaka 2000, miaka miwili kabla ya kufunguliwa. Jengo likiwa bado halijaisha, Edna alianza kuwafunza wanafunzi zaidi ya thelathini wa uuguzi. Hakuwa na budi. Wauguzi na wakunga wa zamani walikuwa wameuawa, au wamekimbia, au wako Ulaya na Ghuba. Vita vilikuwa vimebomoa kuta, naam, lakini kuta hurudi kwa mwaka mmoja au miwili ukipata saruji. Mkunga harudi kwa saruji. Mkunga ni miaka mitatu ya darasani na wodini, na kabla ya hapo ni msichana aliyemaliza shule, na kabla ya hapo ni shule yenyewe. Nchi ambayo shule zake zilifungwa miaka kadhaa ina pengo la wasichana ambalo hakuna mfadhili anayeweza kulinunua dukani.

Kwa hiyo mlango wa hospitali ulipofunguliwa, ndani mlikuwa na watu. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mama aliyeletwa usiku alikuta mikono iliyofunzwa, si kitanda kipya chenye nailoni yake. Na mafunzo hayakukoma. Bawa zima la hospitali likawa la kufunzia, Edna akajiwekea lengo la wakunga elfu moja wa kwenda vijijini, na baadaye chuo kikuu chenye jina lake kikazaliwa hapohapo. Yeye mwenyewe akahamia ndani ya hospitali kuishi. Mwaka 2023 alipewa Tuzo ya Templeton, mwanamke wa kwanza mweusi kutoka Afrika kuipata, na sehemu ya fedha zake akaielekeza kwa hospitali.

Nina rafiki yangu mmoja, mwalimu wa madrasa, ambaye nilipomwambia haya alinijibu upesi: huyo alikuwa mke wa waziri mkuu, ana watu Umoja wa Mataifa, magazeti ya Marekani yanamjua, sisi hapa tuna nani? Swali lake ni zuri, na silikwepi. Ni kweli Edna alikuwa na jina. Ni kweli pia kwamba huo ndio udhaifu mkubwa wa hospitali yake. Kazi iliyobebwa na mtu mmoja kwa zaidi ya miaka ishirini huwa na deni ambalo atakuja kulilipa mwingine. Akiwa amevuka miaka themanini na mitano, kila anayeipenda hospitali ile ajiuliza nani ataamka saa tisa za usiku kama anavyoamka yeye.

Sasa tuangalie mahali pengine palipojibu swali hilo kwa njia nyingine. Kaskazini mwa Uganda, karibu na Gulu, iko hospitali ya Lacor, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kikatoliki mwaka 1959. Daktari Piero Corti, Mwitaliano, na mkewe Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Canada, walifika mwaka 1961 na wakaitumikia mpaka mwisho wa maisha yao. Vita vya Kony na LRA vilipokuja, maelfu ya watu, wengi wao watoto, walikuwa wakilala ndani ya uzio wa hospitali kila usiku kwa kuogopa kutekwa. Wawili hawa walifanya mambo mawili ambayo nataka wenzangu wa kamati wayajue. Walimlea daktari Mwacholi, Matthew Lukwiya, ashike usukani, na mwaka 1993 waliunda mfuko nchini Italia wa kuihudumia hospitali kifedha mwaka baada ya mwaka, wao wakiwapo au wasiwepo. Lucille alifariki mwaka 1996. Lukwiya akafa tarehe 5 Desemba 2000, akiuguza wagonjwa wa Ebola pamoja na wauguzi wake waliokufa kabla yake. Corti akafuata mwaka 2003. Watatu wote wameondoka na Lacor inafanya kazi mpaka leo.

Na Bukavu, kwa jirani zetu wasemao Kiswahili, Denis Mukwege alikuwa daktari wa hospitali ya Lemera iliposhambuliwa Oktoba 1996. Wagonjwa waliuawa vitandani. Miaka mitatu baadaye akaanzisha Panzi, chini ya kanisa lake na kwa msaada wa Waswidi, akikusudia hasa wodi ya uzazi. Vita vikamletea wanawake waliobakwa, na hospitali ikageuka kulingana na waliobisha mlango. Tuzo ya Nobel ya 2018 twaijua sote. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na Panzi ikabidi ifanye kazi chini ya wenye bunduki wengine tena.

Nimetaja hospitali mbili za makanisa kwa makusudi, maana najua pana watakaoguna. Jambo lenyewe si geni kwetu. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga hospitali Cairo iliyowatibu tajiri na maskini, mwenyeji na msafiri. Tunapenda kuitaja kwenye mihadhara. Tusichokitaja ni kwamba hospitali ile haikuwekewa wakfu wa kuta peke yake. Ilifungiwa mapato ya maduka na mali nyingine za mji, ili kila mwezi pawe na mshahara wa tabibu, chakula cha mgonjwa na mafuta ya taa. Ndio maana iliishi karne nyingi. Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, mfanyabiashara Muislamu wa asili ya Kihindi, alitoa mali yake kwa hospitali za Bagamoyo na Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 19, na Muhimbili mpaka leo pana jengo lenye jina lake. Jina lilibaki kwa sababu kulikuwa na wengine waliolipa wauguzi kwa miaka mia na zaidi. (Hapa mtu asinisome vibaya. Jina ukutani si dhambi. Lakini ukuta usio na mtu ndani hulifedhehesha jina.)

Turudi kwetu basi. Kwale haikupigwa mabomu. Hatuna kisingizio cha vita. Na bado tumewahi kuonja jinsi hospitali inavyokuwa majengo matupu. Madaktari wa serikali waligoma siku mia moja kuanzia Desemba 2016 mpaka Machi 2017. Hawajatulia, wauguzi nao wakatoka mwezi Juni wakakaa nje miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari wakagoma tena tangu katikati ya Machi mpaka Mei. Katika siku hizo Msambweni ilikuwa palepale ilipo. Vitanda vilikuwapo. Mabati hayakuondoka. Aliyekosekana ni mtu, na mtu alikosekana kwa sababu ya mshahara na ahadi. Ikiwa kaunti yenye mgao wa kila mwaka kutoka Nairobi inaweza kushindwa kuwaweka watu wake kazini, kamati yetu yenye sanduku la Ijumaa itafanyaje mwezi wa saba baada ya sherehe za ufunguzi?

Najua zahanati moja ya sadaka, sitaitaja jina wala kijiji, ambayo nilihudhuria ufunguzi wake. Pilau ililiwa, dua ikasomwa, mgeni akakata utepe. Nilimpeleka shangazi yangu pale mwaka uliofuata, kidonda cha mguu kimemsumbua. Tulimkuta mlinzi peke yake. Alituambia kwa adabu kwamba muuguzi alipata kazi ya kaunti akaondoka, na aliyekuwa akimlipa hakupatikana kwa simu. Mlango wa duka la dawa ulikuwa na kufuli, na kwenye kibaraza palikuwa na magunia ya mahindi ya mtu. Jengo lenyewe lilikuwa zuri kuliko nyumba zote za pale. Tulimpandisha shangazi pikipiki tukaendelea na safari.

Mfadhili si wa kulaumiwa moja kwa moja. Yeye aliombwa jengo, akatoa jengo, akapelekewa picha. Kinachoombwa ndicho kinachotolewa. Sisi ndio tunaoomba tofali kwa sababu tofali huonekana, hupigwa picha na halina siri. Mshahara wa muuguzi haupigwi picha. Na kuna jambo jingine ambalo watu husema kwa sauti ya chini: pesa za jengo ukiiba utaonekana, kuta zitakuwa fupi, pesa za mishahara zikiliwa nani atajua? Kutoaminiana huku ndiko kunakotujengea majumba. Watu huchagua sadaka wanayoweza kuihesabu kwa macho.

Dawa ya hofu hiyo ni hesabu za wazi. Tuna Sheria ya Wakfu ya 2022, na Tume ya Wakfu iko Mombasa, si mbali. Shamba la yule mzee liandikishwe wakfu kabla ya kuchimbwa msingi, hati ikiwa mkononi, maana kwenye ukanda wetu huu wa mashamba yasiyo na hati tumezika urafiki mwingi kwa mipaka isiyoandikwa. Na wakfu huo usiwe wa hospitali peke yake. Uwe na kitu kinacholeta pesa: vyumba vya maduka pale mpakani ambako malori hulala, au nyumba za kupanga Ukunda, au minazi na mikorosho yenye mwenyewe. Anayetaka jina lake likae ukutani na liwekwe kwenye duka linalolipa mkunga. Ni bango vilevile.

Watakuwapo watakaosema: kwa nini tulipe sisi kazi ya kaunti? Katiba ya 2010 imeipa kaunti afya. Kweli kabisa, na hapa ndipo tunapoachana na Hargeisa. Edna alijenga mahali ambapo serikali ilikuwa na umri wa mtoto wa shule na hazina ya kopo. Sisi tuna gavana, bunge la kaunti, bajeti, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tuna SHA iliyochukua nafasi ya NHIF. Hospitali yetu ya wakfu ikigeuka kuwa kisingizio cha kaunti kutoipeleka ambulensi Mwereni, tutakuwa tumemsaidia kiongozi, si mgonjwa. Na tusidhani SHA itatulisha: hospitali za kibinafsi na za dini nchini zimelalamika hadharani kwamba madai yao hucheleweshwa. Hospitali kubwa huweza kuvumilia miezi kadhaa ya deni. Hospitali ya kijiji haiwezi hata mmoja.

Halafu kuna wageni wanaoondoka. Mgodi wa Base Titanium ulipomaliza uchimbaji Desemba 2024, wengi wetu ndipo tulipoanza kuuliza ni miradi ipi ya kijamii itakayosimama yenyewe na ipi ilikuwa imeegemea kampuni. Mwenye mgodi alisema mapema kwamba madini yana mwisho. Mfadhili wa Ghuba hasemi, lakini naye ana mwisho: ana biashara inayoweza kuyumba, ana warithi wenye mapenzi yao, ana vijiji vingine mia vinavyompigia simu.

Kwa hivyo pendekezo langu kwa kamati, na nimelitoa mbele yao kabla ya kuliandika, ni kwamba mwaka wa kwanza tusijenge kitu. Pesa zote za mwaka huo ziwe karo. Chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC kiko Msambweni, hatuhitaji kumpeleka mtu Nairobi. Tuchague wasichana na wavulana wa Mwereni, Dzombo, Vanga na Kikoneni, wenye alama za kuingia uuguzi na ukunga lakini waliokwama nyumbani kwa ajili ya karo. Wako. Kila mwalimu mkuu wa huku anaweza kukutajia wawili bila kufungua daftari. Waandike mkataba na wakfu, kwamba baada ya kuhitimu watafanya kazi eneo hili miaka kadhaa, iwe kwa kaunti au kwa hospitali yetu. Wengine watatoroka, tusijidanganye. Kuna atakayepata kazi Saudia au Uingereza na hatutamwona tena. Lakini aliyezaliwa Mwangulu, mwenye mama Mwangulu, ana sababu ya kurudi Mwangulu ambayo muuguzi aliyepangwa kutoka mbali hana, na hilo Edna alilijua alipowachukua mabinti wa nchi yake badala ya kungoja wageni wa kujitolea.

Wazee walinisikiliza kwa heshima. Mmoja aliniuliza, "Sasa mwanangu, tutampa mfadhili picha gani?" Watu wakacheka, nami nikacheka, ila swali lake ni la kweli na sitalipuuza. Nikamwambia: mzee wangu, mpe picha ya darasa. Mpe risiti za karo kila muhula, na majina, na matokeo ya mitihani. Akikataa kutoa kwa hilo, tutakuwa tumejua mapema kwamba angekataa pia kulipa mshahara, na tutakuwa tumeokoa msingi wa jengo.

Sikupata jibu siku hiyo. Aliye na ramani kwenye simu hakufurahi, na simlaumu, ni kijana mwenye bidii na ramani yake ni nzuri. Mwenye shamba alisema shamba halina miguu, linaweza kungoja. Mama mmoja wa kamati, ambaye muda wote alikuwa kimya akiandika, alitaka kujua nafasi za Septemba pale Msambweni hufungwa lini na fomu huchukuliwa wapi. Tukampa jukumu hilo yeye. Kozi ni miaka mitatu, na kiwanja bado kitakuwapo watakapomaliza.